Anayengoja Stoo kwa Ambrose

Jumatatu moja, saa kumi alasiri, mlango wa stoo ya jikoni kwa Ambrose Tulley ulianza kutoka jasho. Aliufuta kwa kitambaa, ukaloa tena. Alipolamba kidole akaonja chumvi, na nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya mji wa Blyth, ambako hata harufu ya samaki haifiki.

Siku ya pili ilikuja harufu ya dizeli na sweta lililolowa. Ya tatu ikaja pumzi, pumzi ya mtu anayevuta hewa kwa mdomo kupitia bomba la mpira, taratibu, kama anayeogopa kuimaliza, na Ambrose, ambaye miaka minane nyuma alivuta hewa hivyo hivyo gizani ndani ya nyambizi iliyolala chini ya bahari, alisimama na birika mkononi hadi chai ikapoa, maana alijua ni nani yumo humo na hakuthubutu kufungua.

Alikuwa Rennie Stobbs, fundi mwenzake wa injini.

Mtu mwingine angehama. Ambrose alivuta kiti. Hakuwa na mke, na mabaharia wenzake waliookoka alikuwa akiwakwepa barabarani. Basi kila alasiri akawa anamsomea Rennie matokeo ya mpira, anamsimulia bei ya makaa, anamlaani diwani. Aibu kusema, lakini tangu vita viishe hakuwahi kuwa na miezi mizuri kama ile.

Jumapili moja dada yake, Edna, alikuja na keki, akasikia.

"Kaka, kuna nini humo?" alinong'ona.

"Panya."

"Panya anakohoa?"

Wiki iliyofuata Edna alirudi na keki nyingine, pamoja na Bi Hepple, mama wa mtaa wa pili aliyezoea kuzungumza na wafu sebuleni kwa watu. Bi Hepple aliweka kiganja mlangoni, akakiondoa kimelowa.

"Huyu hana ubaya," alisema kwa sauti ya chini. "Anangoja kuambiwa kitu. Wewe unakijua, mwanangu. Kitapike."

Ambrose alitazama viatu vyake.

"Nyambizi ilipozama tulitoka mmoja mmoja. Kuna kachumba, unaingia, unajaza maji, unafungua kifuniko cha juu, unapanda. Ukishatoka unagonga chuma mara tatu, wa nyuma yako ajue njia ni nyeupe, akifunge kifuniko kwa ndani, ayatoe maji, aingie na yeye. Mimi niliona mwanga juu, nikasahau kila kitu. Sikugonga."

"Na yeye?"

"Alidhani nimenasa humo, nimeziba njia. Nyambizi ilipovutwa juu walimkuta amekaa chini ya kachumba, bomba la mpira mdomoni. Alikuwa ananingoja."

Edna alianza kulia. "Maskini kaka yangu! Mgongee basi, aende zake."

Ambrose aligonga. Moja. Ndani pumzi ilikatika. Mbili. Wote watatu wakasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye nguo za mtu anayeinuka, na buti zikivutwa sakafuni, na kucha zikipapasa mbao kutafuta mahali pa kushika, na Ambrose, ngumi ikiwa hewani, akaiona kesho yake, saa kumi, jikoni kweupe, gazeti mkononi, na hakuna hata kiumbe mmoja wa kumsomea, wala kesho kutwa, wala mpaka siku atakayozikwa.

Ngumi ikashuka.

"Bado moja, kaka!"

"Mkono unaniuma."

"We Ambrose!"

"Nimesema unaniuma, Edna! Nitamalizia kesho."

Bi Hepple alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Edna akamfuata, na keki hakuiacha.

Ambrose alikaa, akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Kesho, Rennie," alisema. "Haki ya Mungu, kesho."

Kisha kule ndani buti zikarudi nyuma, mtu akaketi majini, akaanza tena kuvuta hewa kidogo kidogo, kwa subira, maana hajawahi kumshuku Ambrose hata siku moja.