Mkono wa Fundi Randa

Kila asubuhi Mama Sindano aliweka cherehani yake karibu na dirisha la sebuleni. Hapo palikuwa na mwanga mzuri. Alishona sare za shule, magauni na mapazia. Binti yake, Sindano, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alikwenda saluni kusuka nywele za watu. Nyumbani walibaki mama na baba.

Baba alikuwa seremala. Watu walimwita Fundi Randa, kwa sababu hakuna ubao uliomshinda kuulainisha. Kisha akapata kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea. Alitibiwa hospitali, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Maneno yalirudi, ingawa yalitoka polepole. Mguu nao ulirudi kidogo, akaweza kutembea kwa kushikiliwa. Lakini mkono wa kulia ulilala juu ya shuka kana kwamba si wake.

Kwa mkono wa kushoto alishika fimbo. Akitaka maji, aligonga ukuta. Akitaka mto usogezwe, aligonga. Nzi akitua, aligonga.

Ko, ko, ko.

Mama Sindano aliacha kushona, akakimbia. Alimnywesha maji, akamfuta kidevu, akarudi mbio kwenye kazi yake. Kabla hajamaliza pindo moja, ko, ko, ko.

"Mama Sindano, gauni langu liko wapi?" mteja mmoja alimuuliza. "Harusi imeshapita. Sasa labda nitalivaa kwenye talaka."

Mama Sindano alicheka, lakini moyoni hakucheka. Alikuwa ameona vidole vya mumewe vinaanza kukunjana na kukakamaa.

Siku moja kituo cha afya kilimtuma mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtaani walimwita Mama Viungo. Wapo waliodhani anauza mdalasini na pilipili manga.

Alimpima Fundi Randa mkono. "Vidole vinasogea," alisema. "Vinahitaji kazi." Kisha akaomba kiti, akakaa kwenye kona na kutazama tu. Mama Sindano akarudi kwenye cherehani.

Baada ya muda Fundi Randa alinyoosha mkono wa kulia kuelekea kikombe kilichokuwa kwenye stuli. Vidole vilisogea kidogo, vikaishia njiani. Akachoka. Akachukua fimbo, akagonga. Mkewe akaja mbio, akamnywesha.

"Naomba niseme mbele yenu wote wawili," alisema Mama Viungo. "Fundi amejaribu kutumia mkono. Amepata nini?"

"Mimi sikumwona," alijibu Mama Sindano.

"Basi hakupata kitu. Kisha akagonga. Amepata nini?"

"Maji," alijibu Fundi Randa mwenyewe. "Na mke."

"Ndiyo hivyo. Tendo likifuatwa na kitu kizuri, mtu hulirudia. Lisipoleta kitu, hufifia. Humu ndani kugonga kunalipa, kujaribu hakulipi. Kwa hiyo fimbo inaamka na mkono unalala."

Mama Sindano hakupendezwa. "Dada, unataka kusema mume wangu ananifanyia kusudi? Mgonjwa huyu?"

"Hapana. Hakupanga. Mmejifunza wote bila kujua, hata wewe. Fimbo ikilia unasikiaje?"

"Kichwa kinataka kupasuka."

"Ukikimbia?"

"Inanyamaza."

"Umeona? Kero inaondoka, unapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayokufanya kesho ukimbie haraka zaidi. Wewe unamfundisha kugonga, yeye anakufundisha kukimbia."

Fundi Randa alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Kumbe mimi mwalimu."

"Mwalimu hodari. Sasa tubadilishe somo. Fundi, unapenda nini kuliko vyote?"

Alimtazama mkewe. "Akae," alisema. "Anisimulie habari za mtaa. Siku hizi anakuja kama amefuata moto."

Mama Sindano aliinamisha kichwa. Alidhani mumewe anataka maji tu.

"Basi hiyo ndiyo zawadi," alisema Mama Viungo. "Akiutumia mkono, njoo papo hapo. Mwambie umeona alichofanya. Kaa, msimulie. Anzeni na hatua ndogo. Kwa sasa kugusa kikombe kunatosha. Akizoea kugusa, ngoja ashike. Akizoea kushika, ngoja anyanyue. Akigonga kwa jambo analoweza kulijaribu, usikimbie."

"Na akiumwa? Akitaka choo?"

"Aite kwa sauti, na wewe uende mara moja. Maumivu na choo havisubiri. Na msimvute mkono huo, mtamuumiza."

Fundi Randa alikunja uso. "Mimi si mbuzi, nivutwe kwa majani."

"Mbuzi haulizwi, fundi. Wewe nimekuuliza, na majani umechagua mwenyewe. Bila wewe kukubali, mimi naondoka."

Aliutazama mkono wake. "Nataka kufanya kazi tena," alisema. "Nakubali."

Kukubali kulikuwa rahisi kuliko kutenda. Mazoea yana taabu. Fundi Randa alisahau, akagonga. Hakuna aliyekuja. Akagonga kwa nguvu zaidi, hadi chokaa ikadondoka ukutani. Mama Viungo alikuwa amewaonya. Njia iliyozoea kulipa ikiacha kulipa, mtu huikazania kwanza kabla ya kuiacha.

Mama Sindano alichungulia mlangoni. Mumewe alikuwa salama, na kikombe kilikuwa karibu naye. Alirudi kwenye cherehani, akajikaza kisabuni.

Sindano aliporudi kutoka saluni, aliisikia fimbo. Alipita mbio, akamnywesha baba yake.

"Mama, una moyo gani wewe?"

"Moyo wa kutaka baba yako apone."

Kesho yake fimbo ililia zaidi. Mama Viungo alipokuja, alimketisha Sindano.

"Mwanangu, jana aligonga sana, mwisho akapata. Amejifunza kwamba akizidi kugonga atapata tu. Ukitoa leo na kukataa kesho, tabia inaota mizizi. Nyumba nzima iwe na neno moja."

"Nilidhani namsaidia," alisema Sindano, akifuta machozi.

"Ulimwonea huruma. Sasa hiyo huruma uipe mkono wake."

Wakashikilia hivyo, mama na binti. Haukupita muda mrefu, vidole vya Fundi Randa vikagusa kikombe. Mama Sindano aliiacha nguo ikining'inia kwenye sindano, akaja.

"Nimeona, Baba Sindano. Umekigusa."

Akakaa. Akamsimulia habari za mwenye duka aliyejifungia ndani kwa bahati mbaya, akawauzia wateja kupitia dirishani mchana kutwa. Fundi Randa alicheka hadi akakohoa. Kisha, bila kuambiwa, akakigusa kikombe tena.

Kugusa kukawa kushika. Kushika kukawa kunyanyua. Siku ya kwanza ya kunyanyua, maji yalimwagika kitandani.

"Tazama sasa," alifoka Mama Sindano. "Shuka nimetoka kuibadilisha."

Mkono ukarudi kifuani. Siku hiyo haukunyooshwa tena.

Mama Sindano hakuhitaji kuelezwa. Karipio lake lilikuwa limemfundisha mumewe kuuficha mkono. Kesho yake alitandika nailoni juu ya shuka, akaketi.

"Nilikosea," alisema. "Ulishika, ukanyanyua. Hilo ndilo nilipaswa kuliona. Maji hukauka."

Mumewe aliitazama nailoni. Kisha akanyoosha mkono.

Wiki zilipita. Fimbo ikawa ya kutembelea tu. Fundi Randa alijinywesha mwenyewe, akajilisha, akajifuta uso. Mama Viungo alisema sasa hawana haja ya kusifu kila kitu. "Kiu ikikatwa na mkono wako mwenyewe, hiyo inatosha kuwa zawadi. Lakini hadithi msiache." Hawakuacha. Magauni nayo yalianza kumalizika kabla ya harusi.

Siku ya kurudi kliniki, Fundi Randa alikataa kuvalishwa shati. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza na kifungo cha chini. Vidole viliteleza, vikarudi. Sindano alisogea, mama yake akamzuia kwa jicho. Gari lilikuwa linasubiri nje. Kila kifungo kilichukua muda wake. Kimoja kiliingia kwenye tundu lisilo lake, na kola ikakaa upande.

"Tayari," alisema Fundi Randa.

Mama Sindano, fundi wa nguo, aliitazama kola ile. Hakuigusa.

"Twende," alisema, akampa mkono.