Sauti ya Bibi Rosina

Kila Ijumaa baada ya vipindi, wanafunzi wa klabu ya kompyuta katika shule moja ya Masuguru, Korogwe, walifagia chumba chao, kisha wakasikiliza sauti za wazee wa Ngombezi. Walizirekodi wenyewe mwaka uliopita: wakataji mkonge wa zamani wakisimulia kazi na kuimba nyimbo za shambani.

Kila mzee alikuwa na folda yake. Mzee Yordani na mkewe tu ndio waliokataa kutenganishwa.

"Tumekata mkonge pamoja, tutasema pamoja," Bibi Rosina alisema.

Basi folda yao ikaitwa Yordani & Rosina. Masika yalipoisha, bibi akafariki.

Sasa kompyuta iliyotunza sauti hizo ilikuwa imechoka. Mwalimu Semboja alitaka kuifuta yote na kuiwekea mfumo mpya, sauti zikishahamishiwa kwenye flashi. Rukaya wa kidato cha pili aliandika amri za PowerShell, programu ya kuiamuru kompyuta kwa maandishi, katika faili la bechi, ambalo hutekeleza amri nyingi kwa mpigo. Kila folda mstari wake. Alipobofya, dirisha jeusi lilifunguka, maandishi mekundu ya kosa yakapita, likajifunga. Rukaya aliyaona. Lakini wenzake walikuwa tayari wanampigia makofi, na mwalimu alipouliza, akajibu kwamba zote zimehama.

Mwalimu akavuta kiti aanze kufuta. Rukaya akakumbuka kicheko cha yule bibi.

"Mwalimu, naomba usubiri. Nimesema zimehama, lakini sijaangalia."

"Mtaalamu kachemka," Godlisten akanong'ona, na wengine wakacheka.

Walifungua flashi. Folda zote zilikuwemo, isipokuwa ya Yordani & Rosina. Mwalimu alieleza kwamba ndani ya PowerShell, alama za kunukuu za mkato mmoja alizoweka Rukaya zingelilinda jina lote. Faili la bechi halizijali. Likikuta & linadhani amri imeisha, linaikata hapo hapo. Rukaya akaweka kikofia, ^, mbele ya &, ili alama hiyo ipite kama ilivyo.

Akaliendesha faili tena, na safari hii alifungua folda kwenye flashi na kusikiliza. Bibi Rosina alikuwa anamkemea mumewe kwa kuuvuta wimbo kama mgonjwa. Wanafunzi wakasogea karibu. Hata Godlisten alisogeza kiti.

"Amri tungeiandika tena hata kesho," Mwalimu Semboja alisema taratibu. "Sauti hii tungeipata wapi? Ukiwa na shaka, Rukaya, sema mapema, hata kama umeshapigiwa makofi."