Kiti cha Nyonga Thelathini na Nne

“Hivi shoga, seremala ana kazi gani na futi ya fundi cherehani?” jirani alimuuliza yule mshonaji, akijifanya anachagua vifungo. “Jumapili nimemwona mchumba wako nayo shingoni, katinga shati jeupe!”

Swali lile lilimkwama kama mwiba wa samaki. Futi ilikuwa yake mwenyewe. Seremala aliiazima, akasema ni ya kupimia taa za mbao anazochonga. Mshonaji akavumilia wiki nzima. Jumapili iliyofuata akapiga simu.

“Uko wapi, mpenzi?”

“Kazini, malkia wangu.”

“Mbona siisikii randa?”

“Leo napiga msasa tu.”

Mwenye wivu hashibishwi kwa msasa. Kesho yake asubuhi alivaa gauni la kijani, lile linalomkaa vizuri kuliko yote, akaenda karakana. Taa za mpingo zilining’inia darini, nyeusi, zinang’aa. Chini yake palikuwa na kiti cha mninga, kimelainishwa kama shavu la mtoto, na taa ndogo imefungwa ubavuni. Akakiinamisha. Chini ya kikalio paliandikwa kwa penseli: Nyonga 34.

Mshonaji huisoma namba kama wengine wasomavyo sura ya mtu.

“Mimi ni arobaini na mbili,” alisema. “Huyu mwembamba wako ni nani?”

“Malkia, tulia kwanza...”

“Malkia gani haenei kwenye kiti chake?” Akavua pete, akaitupa juu ya meza, kwenye maranda.

Seremala akajifuta mikono taratibu. “Ni mama yako.”

“Mwogope Mungu! Mama ni arobaini na sita. Magauni yake yote nimeshona mimi.”

“La mwisho ulimshonea lini?”

Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

“Kila Jumapili una kazi za watu, salamu unatuma kwa simu. Mimi huenda pale kwa kaka yako, anakokaa mama. Kuinuka hawezi, ndiyo maana mikono ya kiti nimeisogeza karibu, ajisukume. Taa ni ya kusomea maandiko. Alinikataza nisikwambie alivyopungua.”

Mshonaji alipitisha kidole juu ya ile namba, polepole, kama anayepima upya. Akaiokota pete, akaipuliza vumbi, akaivaa. Kisha akaitungua futi msumarini, akaiweka shingoni, akatoka, akishika njia ya kwa kaka yake.