Kinyozi Aliyeogopa Kukata Mwani

Mume wangu ni kinyozi. Dukani kwake kuna tangi la samaki wawili wa maji ya chumvi. Mtoto akilia kunyolewa, huonyeshwa samaki, akanyamaza. Chini ya tangi hilo kuna tangi dogo lenye taa na mwani mzuri unaosafisha maji. Maji hushuka humo, kisha pampu huyarudisha juu.

Mwezi mmoja tangi dogo lilijaa mwani mbaya, mwembamba kama nywele, wenye utelezi. Maji yakanuka. Samaki wakawa wanatweta karibu na uso wa maji.

"Wakifa hawa, sifugi tena," mume wangu alisema. Nilimwonea huruma, ingawa pua yangu ilikuwa imechoka.

Nikamwita wifi yangu, dada yake mkubwa, anayetunza matangi ya samaki hotelini. Mwanamke yule ana jicho, nasema kweli. Aliinama, akachota mwani kidogo, akaunusa.

"Nani anawalisha?"

"Mimi asubuhi," nikasema.

"Mimi mchana," akasema mume wangu. "Na wateja, kidogo kidogo."

"Basi mnaulisha mwani mbaya. Chakula kikibaki kinaoza, nao unashiba. Lisheni mara moja kwa siku, kidogo, kiishe papo hapo. Na huu mzuri uliukata lini?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Sijaukata. Umestawi, nikaona nisiuharibu."

Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. "Kinyozi hajinyoi, najua. Sasa hata mwani huunyoi? Umesongamana, wa ndani haupati mwanga, unaoza. Ukiukata, unatoa na uchafu ulioufyonza. Unaobaki unakua, unafyonza tena."

Mume wangu akachukua mkasi wake.

"Huo una mafuta, utawaua samaki," wifi akamzuia. Akatoa mwingine mkobani. Hakusahau kitu, mama huyo.

Tuling'oa mwani mbaya kwa mikono. Mume wangu akapunguza ule mzuri, nusu nzima, uso umemkunjamana. Tukabadilisha sehemu ya maji kwa maji safi ya chumvi.

Siku hizi anaukata kila baada ya wiki mbili. Ilichukua muda, lakini maji yametakata na samaki wanacheza.

Jumamosi mtoto mmoja aligoma kukaa kitini. Mume wangu akamwita kwenye tangi dogo, akaukata mwani mbele yake.

"Umeusikia ukilia?"

Mtoto akatikisa kichwa. Akapanda kitini mwenyewe.