Ngazi Ambazo Chiriku Hakuzishuka

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia ofisini kwa mama yake. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake kwa sababu ya mdomo usiopumzika, nalo likamganda. Mama alikuwa mshauri wa safari: watu walimwendea kuuliza waende wapi, walale wapi na wapande gari gani. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza na viti vitatu. Kilichowavuta wateja ni dirisha. Kila Jumatatu Mama aliandika habari za safari aliyoifanya mwenyewe, akazichapa kwa herufi kubwa na kuzibandika kwenye kioo. Wapita njia walisimama wakasoma, wakacheka peke yao, kisha wakaingia.

Jumatatu moja Mama aliamka na jino lililomvimbisha shavu zima. Hakuweza hata kushika kalamu.

"Niandike mimi," Chiriku alisema. "Nitaandika yale maporomoko ya maji tuliyokwenda na shangazi."

"Utaandika ulichokiona?"

"Mama naye! Si nilikuwepo?"

Kuwepo alikuwepo. Lakini gari lilimchafua tumbo njia nzima, na walipofika, shangazi alishuka peke yake hadi chini. Chiriku alibaki juu. Shuleni aliona aibu kusema hivyo, akawaambia wenzake kuwa alishuka mpaka maji yakamrukia usoni. Sasa akayaandika hayo hayo, tena akayatia chumvi: "Njia ni nyepesi mno. Hata bibi kizee anashuka huku akipiga soga."

Jumanne alasiri aliingia mwalimu mstaafu, akitembea kwa mkongojo.

"Shikamoo, Mwalimu," Chiriku alisalimu.

"Marahaba. Ni wewe uliyeandika habari za maporomoko?"

"Ndiye huyo huyo," Mama alijibu kwa fahari, shavu bado limevimba.

"Mwanangu, umenipa moyo. Goti hili lilipasuliwa mwaka jana, nikajua safari zangu zimekwisha. Nimekusoma mara tatu! Jumamosi nakwenda na dada yangu."

Mama alifungua daftari. "Chiriku, wewe ulishuka. Kuna vyuma vya kushikilia?"

Wote wawili walimtazama wakingoja.

"Vipo," alisema.

Jioni hiyo alichukua simu ya Mama, akajifungia chumbani, akampigia shangazi.

"Vyuma?" Shangazi alicheka. "Vyuma gani? Ngazi mia mbili na ushee, zinateleza kama sabuni! Mimi mwenyewe nilishuka kwa makalio. Kwani vipi?"

Chiriku alimweleza. Kicheko upande wa pili kilikatika.

"Usimwambie Mama, shangazi. Tafadhali."

"Simwambii. Utamwambia wewe, kabla ya Jumamosi. Siku hiyo ikifika hujasema, nitasema mimi."

Jumatano alifika mpaka mlangoni mwa ofisi, akamkuta Mama akicheka na wateja wawili walioingia kwa sababu ya karatasi ile ile. Akarudi nyumbani bila kusema neno. Alhamisi darasani alimwona Mwalimu mawazoni akiteleza ngazini, mkongojo ukitangulia kuanguka, na akashtuka mpaka mwenzake wa dawati akamuuliza kama anaumwa.

Alasiri alimkuta Mwalimu amekaa ofisini, amekuja kuonyesha viatu vipya vya safari. Alijua akitoka tena hatarudi.

"Mwalimu, usishuke," alisema, na machozi yakamtangulia. "Sikushuka mimi. Nilitapika, nikakaa juu. Ngazi zinateleza na vyuma hakuna; shangazi alishuka kwa makalio. Nilidanganya."

Mama alisimama, akaibandua karatasi kwenye kioo, akaikunja mara mbili. Uso ulimshuka kwa aibu.

"Mwalimu, nisamehe. Nilipaswa kuhakikisha kabla ya kubandika. Safari nitaifuta."

Mwalimu alimgeukia Chiriku. "Huko juu ulikaa wapi?"

"Kwenye baraza la mlinzi wa lango."

"Ukaona nini?"

Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Chiriku alifuta pua. "Maji yote yanaonekana, Mwalimu, kuanzia yanapoanguka. Mlinzi alinipa kiti na maji ya kunywa. Manyunyu yalipanda mpaka shati langu likalowa. Ukitulia unahisi kiti kinatetemeka."

"Basi mimi na goti langu tutakaa hapo," alisema Mwalimu. "Dada yangu akitaka, na ashuke kwa makalio yake."

Mama alimpigia simu mlinzi kuhakikisha baraza lipo na gari linafika mpaka langoni. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akamsogezea binti yake karatasi tupu na kalamu.

"Kaa hapa uandike ulivyotapika, na ulivyokaa barazani. Nitasoma kila mstari, halafu tutawapigia wale wateja wa jana tuwaambie ukweli."

"Watanicheka, Mama."

"Wacha wacheke. Mimi hapa sina basi wala hoteli, mwanangu. Ninachowapa watu ni neno langu kwamba nilipita mahali nikaona hivi. Mtu akilisikia neno hilo, anafunga mzigo na kuondoka kwa kuniamini. Usimwambie mtu akanyage mahali ambapo wewe hukukanyaga."

Chiriku alivuta kiti, akaanza kuandika.