Kinyama Pembeni mwa Kioo

Aliyepatwa na haya ni rafiki yetu fundi cherehani, mwenye kidevu cha pili ambacho wifi yake hakuchoka kukitania. Alikwenda kliniki mchana kweupe, wifi huyo kando yake, aone kwenye kompyuta sura atakayokuwa nayo baada ya upasuaji wa kesho yake.

Mtaalamu wa picha alifunga mapazia mpaka chumba kikawa giza, akampiga picha, akaanza kuikata picha hiyo kwenye kompyuta. Kinyama chote alichokitoa chini ya taya alikiweka pembeni mwa kioo cha kompyuta, ili mteja asipopenda kirudishwe.

“Kumbe una shingo, wifi!”

Fundi akacheka. Alijipenda kweli. Akashika kalamu atie saini ya kukubali kupasuliwa.

Ndipo wakasikia kitu kikimeza. Ilikuwa sauti nzito, yenye majimaji, kama ya mtu anayemeza uji uliopoa.

“Wifi, ndio nini hicho?” fundi aliuliza.

“Mimi? Nilidhani ni wewe.”

Mtaalamu alikuwa ameshaondoa mkono kwenye kipanya. Pembeni mwa kioo, kile kinyama kilicholegea, chenye jasho na vinyweleo viwili vya fundi, kilipanda, kikashuka.

“Kirudishe,” fundi alisema, akiitupa kalamu. “Kaka, kirudishe, sitaki tena!”

Mtaalamu akabonyeza, akabonyeza tena. Kinyama hakikuondoka. Mate yakamjaa fundi kinywani. Kabla hajayameza, kile kinyama kikameza, na kinywa cha fundi kikabaki kikavu.