Albamu Aliyoiacha Dada

Yaliyompata rafiki yangu mwimbaji sikuyashuhudia, ila namjua, si mtu wa chuku. Alipofiwa na mumewe aliiacha katikati albamu yake ya nyimbo za majonzi. Adhuhuri moja akaenda studio kuchukua nyimbo zake, akamkuta mtayarishaji, mwandani wake wa miaka mingi, akizicheza. Nyimbo ni zilezile, ila zimetiwa kibwagizo kipya, na aliyeziimba ni mdogo wake, toka nitoke.

"Mmeninyang'anya hata kilio changu?"

"Dada, wewe ulizitupa, mdogo wako kaziokota. Sauti yako nimeifuta yote, haki ya Mungu."

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, machozi yakimlengalenga. Mara umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha. Likawa giza totoro, muziki ukazima. Mtayarishaji akapapasa mlango, akatoka kutazama swichi.

Ndipo nyuma ya kioo, kwenye kichumba cha kurekodia, mtu akaanza kuimba. Ilikuwa sauti ya rafiki yangu mwenyewe, ikiimba kibwagizo kipya cha mdogo wake, tena kwa furaha.

Alifungua kinywa amwite mtayarishaji. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Nyuma ya kioo wimbo ukakoma, na sauti yake ileile ikamwita mtayarishaji: "Kaka, njoo! Kuna mtu humu gizani."